Mtembezaji na Sitara ya Mji

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu hutajwa mlangoni, aghalabu kwa tabasamu, maana kila mtu anajua kuwa kuku wa nyumbani hachinjwi mpaka aje mtu. Lakini neno walilolichagua wahenga si neno la kitoweo. Anayepona ni mgonjwa, au aliyenusurika na balaa. Msemo unamchukulia mwenyeji kuwa ana lake linalomuuma, na mgeni ndiye sababu ya nafuu. Basi katika miji ya pwani ambako mgeni wa zama hizi huja na kamera yake, akakodi mtu wa kumtembeza peke yake kwa saa mbili tatu, akalipa na akenda zake, yafaa kuulizwa: mwenyeji huyu amepona nini? Njaa ya siku ile, bila shaka. Na zaidi ya hiyo?

Mikindani ni mahali pa kuuliza swali hili, kwa sababu ni mji mdogo na jibu halina pa kujificha. Uko juu ya ghuba iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini kwa njia ya Lindi. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa nyingi zimeshaanguka, na zilizosimama zinasimama kwa inda. Ipo milango ya nakshi, zipo roshani za nyumba zilizokuwa za wafanyabiashara wa Kihindi, na juu kidogo lipo Boma jeupe la Wajerumani, lililojengwa 1895, ambalo lilikaa gofu mpaka shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kulifanya hoteli. Ipo nyumba inayoonyeshwa kuwa ndiyo aliyoshukia Livingstone. Na lipo jengo ambalo kila mtembezaji hulifikia, likiwa mwanzo au mwisho wa safari yake, linaloitwa soko la watumwa.

Na achukuliwe kijana mmoja anayefanya kazi hiyo, jina lake halina haja, mzaliwa wa Msimbati. Msimbati iko upande mwengine kabisa, kusini mashariki ya Mtwara, kwenye ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Mnazi, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini na Msumbiji inapoanza. Kwao kuna minazi, mitumbwi na nyavu. Kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, na kuna gesi iliyogunduliwa mwaka 1982. Nyumba za mawe hakuna. Waliokaa huko walijenga kwa miti, udongo na makuti, na mvua na mchwa vimekwisha kuyafuta waliyoyaacha. Mgeni huenda Msimbati kuogelea, hendi kutembezwa, kwa kuwa hakuna kichochoro cha kumpitisha wala ukuta wa kumsimamisha mbele yake. Kwa hiyo kijana huyu, alipokwisha kujipatia Kiingereza cha kutosha, alikwenda kukiuza Mikindani, mji usio wake, na anaeleza mawe ambayo babu zake hawakuyamiliki. Yamkini baadhi yao waliyabeba. Hilo ni jambo ambalo mwenyewe hakuambiwa, na wala hakuuliza.

Anayetembeza mtu mmoja mmoja hujifunza upesi kusoma uso. Akija Mwingereza, safari huanzia penye nyumba ya Livingstone, na mgeni husimuliwa kuwa msafiri yule alishuka Mikindani Machi 1866, akaingia bara akiwa na watu wake, Chuma miongoni mwao, na asirudi tena kwao yu hai. Akija Mjerumani, hupandishwa kwanza Bomani, kisha juu ya kilima kilichopewa jina la Bismarck, atazame ghuba. Mmarekani mweusi hupelekwa moja kwa moja sokoni, na pale sauti ya kijana hushuka. Akija mtu kutoka Unguja au Muscat, soko husahauliwa. Huonyeshwa misikiti na milango, na husikia habari za mji uliokuwa chini ya bendera ya Sayyid. Mitaa ni ileile na jua ni lilelile, lakini mji uliouzwa asubuhi si uliouzwa jioni.

Je, huu ni uongo? Wapo watakaosema ndiyo bila kusita, na wengi wao hawajapata kutegemea chakula cha jioni kwa uso wa mtu. Adabu ya pwani inamtaka mwenyeji ampe mgeni anachokipenda. Asiyekula pweza hapikiwi pweza, na mwenye msiba hapigiwi ngoma. Kuchagua cha kusema si kusema uongo. Hata anayetunga shairi huacha mengi ili moja lisikike. Ikiwa kila alilolisema kijana kwa kila mgeni lilikuwa kweli, basi ametumia haki ya kila msimulizi. Taabu ni kwamba mgeni hachagui mada tu. Huchagua pia ukubwa wake.

Sokoni ndiko hilo linakoonekana. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali kuja kulia hataki kusikia kuwa Mikindani ilikuwa mlango mdogo. Na kweli ilikuwa hivyo: mlango mkubwa wa kusini katika karne ya kumi na tisa ulikuwa Kilwa Kivinje, ndiko misafara ya Wayao na ya watu wa pwani kutoka Ziwa Nyasa ilikoteremkia, na kutoka huko majahazi yakabeba watu kwenda Unguja. Lakini neno “mdogo” halilipi. Basi hesabu huongezwa kidogo, kisha kidogo tena, kama mvuvi anavyompanua samaki wake kwa mikono. Mtembezaji hahisi kuwa anadanganya; anahisi kuwa anampa mgeni huzuni iliyo sawa na nauli aliyoilipa.

Jambo hili halikuanzia Mikindani. Msomaji wa Unguja anajua kwamba Mkunazini, chini ya jengo la Mtakatifu Monika, vipo vyumba vya chini ambavyo wageni huinamishwa kuvitazama wakiambiwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kupelekwa sokoni. Soko lile lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Jengo lilijengwa na wamisionari miaka mingi baadaye, likiwa hospitali, na wapo wanahistoria waliolisema hilo hadharani. Hatua chache kutoka hapo yapo masanamu ya watu watano shimoni, shingoni wamefungwa mnyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kazi hiyo haidai kuwa kitu chengine zaidi ya ukumbusho, na pengine kwa sababu hiyo humtikisa mtu zaidi ya vyumba.

Na nje ya pwani hii upo mfano mkubwa kuliko yote, Senegal, katika kisiwa cha Gorée. Mzee Boubacar Joseph Ndiaye, aliyefariki 2009, aliitunza Nyumba ya Watumwa kwa miongo mingi, akisimama mbele ya mlango wake unaotazama bahari na kuwaambia wageni kuwa kwa hapo walipita mamilioni. Wanahistoria, Philip Curtin akiwa mmoja wao, walisema hesabu ile haiwezekani na kwamba mlango ule haukuwa na kazi hiyo. Ndiaye hakurudi nyuma. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Gorée mwaka 1992. Mandela alifika pia, na marais wa Marekani zaidi ya mmoja. Walichokwenda kukiona hakikuwa ushahidi wa mahakamani. Watu waliohitaji kaburi walipewa mlango, wakalia mbele yake, na kilio chao kilikuwa cha kweli.

Hoja ya wanaomtetea Ndiaye ina uzito, na si ya kutupwa. Walakini inasahau mtu mmoja. Anayeongeza hesabu ili huzuni itoshe anakiri, bila kukusudia, kwamba wachache hawatoshi. Huyo mmoja aliyepitishwa Mikindani, mlango mdogo, akiwa na mtoto mgongoni, ameambiwa kuwa peke yake hana thamani ya machozi mpaka waongezwe wenziwe elfu. Walimhesabu alipouzwa, na leo hesabu ileile ndiyo inayotumiwa kumpima tena.

Lakini kosa la hesabu, lau lingekuwa peke yake, lingeponywa kwa kitabu. Lipo jengine lisiloponywa hivyo, nalo limo katika lugha. Kijana wa Msimbati hueleza soko kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno ni moja tu, limetumika kwa kila nchi na kila zama mpaka limekuwa laini kama jiwe la ufukweni. Humtoka kinywani bila kukwama. Hebu na ajaribu maneno yaleyale kwa Kiswahili. Kiswahili hakina neno moja. Kina ngazi nzima. Yuko mtumwa. Yuko mjinga, ambaye hakuwa mtu asiye na akili kama leo, bali aliyetolewa bara karibuni na hajajua lugha wala mila za mji. Yuko mzalia, aliyezaliwa pwani ndani ya utumwa. Yuko mjoli, mtumwa mwenza. Yuko suria, ambaye mwanawe alikuwa huru na pengine akarithi. Na juu ya wote yuko muungwana, neno ambalo leo ni sifa ya tabia njema, na maana yake ya awali ni mtu ambaye hakuwa mtumwa. Kila anayemsifu mwenziwe kwa uungwana wake anamsifu, bila ya kujua, kwa nasaba ya babu yake.

Maneno haya bado yana moto. Kila moja likitamkwa barazani lina nyumba linayoielekea. Na wala hayako mbali kwa miaka. Wajerumani waliingia nchini wakijinadi kuwa wamekuja kukomesha biashara ya watu, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta; amri yao ya 1904 iliwapa uhuru watoto tu wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905. Unguja na Pemba sheria iliuondoa mwaka 1897, masuria wakaachwa mpaka 1909. Tanganyika ilingoja hadi 1922, Waingereza walipokwisha kulikalia Boma. Mtoto aliyezaliwa utumwani Mikindani mwaka 1900 angeweza kufa mzee katika miaka ya 1970, akazikwa na wajukuu ambao leo hii wanasali safu moja na wajukuu wa aliyekuwa bwana wake, na pengine wameoleana.

Kwa hiyo Kiingereza kwa kijana huyu si chombo cha kazi tu. Ni pazia. Nyuma yake husema barabarani, mchana kweupe, mambo ambayo kwa lugha ya mama yake angeyanong’ona usiku, au asingeyasema abadan. Hutokea mara nyingi kwamba yuko mzee amekaa kwenye baraza ya nyumba ya pili, anawatazama.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unamweleza nini mgeni wako hapo?”

“Habari za kale tu, babu.”

“Za kale zipi?”

“Za majengo.”

Mzee hutikisa kichwa, na mgeni hutabasamu kwa kuwa ameona heshima ya vijana wa Kiafrika kwa wakubwa wao, ataisimulia kwao. Hakujua kwamba katika maneno yale machache amesikia uongo wa pekee uliosemwa siku ile, na kwamba ulisemwa kwa huruma.

Wapo watakaosema kijana amefanya vyema, na hoja yao inatoka mahali pazito. Mji ni kama maiti mikononi mwa mwosha: aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na dini imemuamrisha aliyeona ila wakati wa kuosha aifiche. Kumsitiri mtu ni ibada. Mtu aliyemaliza maisha yake yote akijenga jina, akasoma, akahiji, akaoa mahali pa heshima, kwa haki gani kijana wa Msimbati amtolee nasaba yake hadharani kwa ajili ya noti mbili tatu? Hili halina jibu la haraka, na anayelijibu haraka ajulikane kuwa babu zake hawakuwamo.

Pamoja na hayo, wahenga haohao walisema mficha uchi hazai. Sitara inataka kuulizwa inamfunika nani. Kijana anaponyamaza mbele ya mzee, yaelekea amemkinga mjukuu wa mtumwa asidharauliwe. Lakini kwa pazia lilelile amemkinga mjukuu wa bwana asiulizwe jambo lolote: kiwanja kile kilipatikanaje, minazi ile ilipandwa na nani, kwa nini ukoo fulani una shamba na ukoo fulani ulipata daima kibarua. Kwa mmoja pazia ni nguo. Kwa mwengine ni ukuta wa ghala. Tena mjukuu wa mtumwa hakuwa na haja ya nguo hiyo lau mji usingeendelea kuamini kwamba aibu ni yake. Mwizi ndiye anayeona haya pale watu wanapojua. Hapa aliyeibiwa ndiye aliyefundishwa kuona haya, na kumsitiri kwa namna hii ni kuikubali hukumu ileile iliyomuuza.

Mwosha huficha ila ya mwili wa maiti. Akikuta jeraha la kisu, hilo si la kufichwa. Hapo hutafutwa aliyemchoma. Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika mazungumzo mengi ya pwani juu ya utumwa. Mtu na afichwe, asitajwe jina lake wala nyumba yake, iwe ya bwana au ya mtumwa. Tendo lenyewe halina heshima ya kulindwa. Linaweza kusemwa kwa Kiswahili, barabarani, mbele ya mzee, bila mkono kunyooshwa kwenye mlango wa mtu yeyote.

Itaulizwa kwa nini mzigo wote huu apewe kijana anayetafuta riziki, na si maprofesa au wizara. Kwa sababu wao hawapiti pale kila siku wakisema kwa sauti. Mtoto wa Mikindani husoma darasani habari za misafara, za Waarabu na Wazungu, za Tippu Tip na mkataba wa 1873, na hutoka hapo akapita mbele ya soko bila kuambiwa kwamba somo lilikuwa hapa. Mtaani, mtu pekee aliyeshika kazi ya kuyaeleza mawe ni mtembezaji, naye huwaeleza wanaopanda gari jioni.

Mkoa wa Mtwara unaijua vizuri biashara ya namna hii. Korosho zake kwa miaka mingi zimesafirishwa ghafi, nyingi kwenda kubanguliwa India. Gesi yake ilipotengewa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu waliandamana na mji ukachafuka mwaka 2013, na bomba kutoka Madimba likakamilika 2015. Waliolalamika walisema cha kwao kianze kuwafaa wao. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeandamana kwa ajili ya habari za mitaa ya Mikindani, ambazo nazo hutolewa ghafi, hupakiwa katika vichwa vya wageni, na hazirudi.

Kuna wakati, baina ya msimu na msimu, wageni hukosekana. Kijana hurudi Msimbati, akalala kwao, akasikiliza bahari. Dada yake ana mtoto wa darasa la sita ambaye hajapata kuiona Mikindani. “Mjomba, wewe unawaonyesha nini Wazungu?” Siku moja humchukua pamoja na wenziwe wawili, wakapanda gari la asubuhi lenye samaki, wakabadilisha Mtwara, wakashuka penye ghuba. Hakuna atakayelipa. Huwapitisha penye milango, huwapandisha Bomani, na njia nzima maneno yanamtoka vizuri. Anagundua kuwa Kiswahili chake cha mawe na chokaa ni kizuri kuliko Kiingereza chake. Kisha wanafika sokoni. Mzee yuko kwenye baraza yake. Watoto wamesimama, wanangoja, na mmoja amekwisha kuweka kiganja ukutani kuona kama jiwe lina joto.

“Hapa,” anaanza kijana, na mzee anageuza kichwa kusikiliza, “hapa waliletwa watu...”

Ananyamaza kidogo. Mtoto wa dada yake anauliza, “Watu gani, mjomba?”